Plusagi ni nini kwenye Verilator?

Verilator ni programu ya bure, inachukua saketi uliyoandika kwa Verilog (lugha ya kuelezea saketi za kidijitali) inaigeuza kuwa C++, ukishakompaili unapata programu inayofanya kazi kama hiyo chipu kabla hata chipu yenyewe haijatengenezwa. Sasa ukiangalia amri za watu utakuta opsheni za aina mbili, zingine zinaanza na vistari kama --trace, zingine na alama ya kujumlisha kama +raundi=5000. Hizi za kujumlisha ndo plusagi.

Tofauti ni zinasomwa lini. Ya vistari inasomwa modeli (ile programu ya C++) inapojengwa, kwa hiyo ukisahau --trace hupati faili la mawimbi (linaloonyesha thamani za saketi zinavyobadilika) na hamna ujanja, unajenga upya, na disaini ikiwa kubwa hapo utakaa sana. Plusagi inasomwa simulesheni ikiwa inarun. Unajenga mara moja:

verilator --binary --trace saa.sv

halafu unarun:

./obj_dir/Vsaa +raundi=5000

Ukitaka 20 unabadilisha namba tu, hukompaili kitu.

Ila lazima testibenchi yako (kodi inayoipima saketi) iulize, yaani uweke $value$plusargs inayotafuta "raundi=%d" na kuweka namba kwenye variabo. Na hapa muwe makini jamani, ukikosea herufi ukaandika +raudi=5000 hamna eror yoyote, ile funksheni inarudisha 0, variabo inabaki na namba ya mwanzo, simulesheni inaenda mpaka mwisho na wewe unasoma majibu ya jaribio ambalo hukuliomba!! Mimi nilishapoteza jioni nzima hivyo, siku hizi kila testibenchi yangu inaangalia hiyo 0 na inaprint raundi ngapi imepokea. Afadhali ukiandika main yako ya C++ ukasahau kuita commandArgs (inayopeleka plusagi kwenye modeli), hapo simulesheni inagoma na inakwambia kabisa kilichokosekana.

Kuna plusagi za Verilator yenyewe pia. Ninayoipenda ni +verilator+rand+reset+2, rejista (sehemu za saketi zinazohifadhi namba) zinaanza na namba za kubahatisha badala ya sifuri, maana chipu halisi ukiiwasha haikuahidi sifuri, na rejista uliyosahau kuireseti inajitokeza mapema. Hii inataka modeli iwe imejengwa na --x-initial unique, na uongeze +verilator+seed+7 (7 ndo namba ya kuanzishia huko kubahatisha) ili bagi likitokea leo uweze kulirudia lile lile kesho.