Ukiwa safarini, piga kile kinachofaa mwanga uliopo

Wasafiri wanaoniomba ushauri huanza na swali lilelile: wanunue kamera gani? Mimi huwauliza huwa wanapiga picha saa ngapi. Karibu wote hupiga pale wanapofika, iwe saa nne asubuhi au saa saba mchana, kadiri basi lilivyowashusha. Sina ugomvi na hilo. Safari ina ratiba yake, wenzako wamechoka, na si rahisi kukaa mahali siku nzima ukingoja wingu lisogee. Tatizo ni kulazimisha. Umesikia mlima ule unasifiwa, basi unaupiga jua likiwa utosini, halafu unashangaa picha imepauka na mlima umekuwa bapa.

Nilipoacha kulazimisha ndipo upigaji picha wa safarini uliponinogea. Siku hizi sichagui kitu kisha nikakitafutia mwanga. Natazama kwanza mwanga uliopo, halafu natafuta kitu kinachopatana nao. Mandhari ya asili, ukuta uliochorwa na uso wa mtu havitaki mwanga wa aina moja, na hiyo ni neema kwa msafiri, kwa sababu karibu kila saa ya mchana kimojawapo huwa tayari.

Chukua mchana kweupe, saa inayotukanwa na vitabu vyote vya upigaji picha. Jua la utosi hutia kivuli kwenye matundu ya macho, na tofauti kati ya penye jua na penye kivuli huizidi nguvu sensa ya kamera, yaani sehemu inayonasa mwanga. Ukiipimia kamera mwanga kwa uso, anga linageuka weupe mtupu. Ukiipimia kwa anga, uso unakuwa mweusi. Lakini maji ya bahari yasiyo na kina hupendeza saa hiyohiyo, kwa kuwa jua likiwa juu mwanga mwingi huzama hadi kwenye mchanga wa chini, na mchache tu ndio huakisiwa usoni mwa maji. Antelope Canyon kule Arizona, Marekani, ni korongo jembamba kiasi kwamba miale maarufu ya jua hufika chini yake katikati ya mchana, hasa miezi ya kiangazi. Ngazi, vyuma vya madirisha na nguzo nazo hutupa vivuli vikali vyenye kingo safi, na hapo ndipo picha ya nyeusi na nyeupe inapostahili.

Watu je, saa hiyo? Waweke kivulini, lakini si kivuli chochote. Tafuta kibaraza au mdomo wa kichochoro, msimamishe mtu karibu na ukingo wa kivuli akitazama nje kwenye mwanga. Anga litamwangazia uso taratibu, bila makali. Kukiwa na ukuta mweupe ng'ambo unaopigwa na jua, una taa ya studio ya bure. Angalia tu rangi ya ukuta huo, maana ukuta mwekundu hurudisha wekundu kwenye ngozi, na mtu aliyekaa chini ya majani mabichi hutoka na ukijani wa mgonjwa. Wengi huilaumu simu kwa kosa la mti.

Wingu likitanda, wenzako wakianza kunung'unika kwamba siku imeharibika, wewe nenda kwenye michoro ya ukutani. Mawingu husambaza mwanga sawasawa. Hakuna kivuli cha tawi kinachokata mchoro vipande, hakuna mng'ao wa rangi ya kupuliza, na rangi zinaonekana kama msanii alivyozikusudia. Simama usawa wa katikati ya mchoro, rudi nyuma kadiri barabara inavyoruhusu, kisha vuta kwa lenzi ndefu. Ukisogea karibu na kuinamisha simu kwenda juu, ukuta utaonekana unaangukia nyuma. Washa mistari ya gridi kwenye skrini uisaidie mikono. Programu za kurekebisha picha zinaweza kuusimamisha ukuta ulioinama, ila hukata pembeni, kwa hiyo acha nafasi ya ziada kuzunguka mchoro.

Ukiishia hapo, umepata nakala nzuri ya kazi ya mtu mwingine. Picha yako inaanza kitu kingine kinapoingia: mpita njia ambaye koti lake linafanana na rangi ya ukuta, baiskeli iliyoegeshwa, paka. Mimi huchagua fremu, nikaisimamia, nikangoja mtaa uniletee. Wasanii wengine wamekurahisishia kazi hiyo. Huko George Town, Penang, Malaysia, mwaka 2012 msanii Ernest Zacharevic alichora watoto wawili kwenye baiskeli, na baiskeli yenyewe ni ya kweli, imefungwa ukutani. Watu hupanga foleni wakae juu yake. Nionavyo mimi, foleni yenyewe ina picha nzuri kuliko ile ambayo kila aliye kwenye foleni anaisubiri.

Kuna jambo moja linaloivunja kanuni yangu ya mwanga: ukuta haungoji. 5Pointz, jengo la Queens, New York lililojaa grafiti, lilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013 kwa amri ya mwenye jengo, likabomolewa mwaka uliofuata. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75, lakini michoro haikurudi. Hata iliyobaki si ileile. Katika East Side Gallery ya Berlin, kipande cha kilomita 1.3 cha Ukuta uliowahi kuugawa mji huo, kilichochorwa mwaka 1990, busu la Brezhnev wa Umoja wa Kisovieti na Honecker wa Ujerumani Mashariki unaloliona leo msanii Dmitri Vrubel alilichora upya mwaka 2009. Na mchoro wenyewe ulitokana na picha ya kamera iliyopigwa na mpigapicha Régis Bossu mwaka 1979. Basi mchoro ukikugusa, piga hata kama mwanga ni mbovu, kisha ukipata nafasi rudi siku ya mawingu.

Sheria ya hakimiliki nayo hutofautiana. Ujerumani inaruhusu kupiga na kutumia picha za kazi za sanaa zilizowekwa daima mahali pa wazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu majengo na sanamu, lakini michoro ya bapa haimo katika ruhusa hiyo. Kwa albamu yako ya nyumbani haya hayatakunyima usingizi. Ukitaka kuuza kadi au kalenda, yachunguze kwanza. Jina la msanii liandike kila mara. Mara nyingi liko pembeni chini, na wapigapicha huwa wanalikata nje ya fremu.

Sasa watu, sehemu inayowatisha wengi kuliko zote.

Nianze na umbali, kwa sababu ndio unaoharibu nyuso nyingi kuliko lenzi yenyewe. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, kwa hiyo ili uso uijaze fremu unalazimika kusogea karibu sana. Kwa umbali wa sentimita 30, pua iko karibu na kamera kwa kiasi kikubwa ikilinganishwa na masikio, hivyo pua inavimba na masikio yanajificha. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu au mbili, kisha vuta picha kwa 2x au 3x. Tofauti ya umbali kati ya pua na masikio inakuwa ndogo, na uso unarudi kufanana na mwenyewe. Tena mita mbili ni nafasi ya mazungumzo, mtu hajihisi kavamiwa.

Salamu itangulie, kamera ifuate. Lugha ikikosekana, inua kamera kidogo, inua na nyusi. Swali hilo hueleweka kokote. Akikataa, shukuru uendelee. Akikubali, atajikaza na kutoa tabasamu la kitambulisho. Piga hiyo kwa heshima, lakini usishushe kamera. Mwonyeshe picha, acha acheke, na ile anayocheka ndiyo uliyoijia. Ukiahidi kumtumia, mtumie. Wengi huahidi na hawatumi, na mgeni ajaye ndiye anayelipia.

Picha za mtaani ambazo mtu hakuombwa ni suala jingine. Msimamo wangu ni huu: mtu akiwa sehemu ya mandhari ya barabara, napiga pale sheria inaporuhusu; uso wake ukiwa ndio picha nzima, naomba. Mtoto, naomba mzazi wake. Aliye katika dhiki simpigi. Kuna nchi ambako hata kupiga tu kunahitaji ridhaa: Hungaria iliandika hivyo katika sheria yake ya madai iliyoanza kutumika mwaka 2014. Soma kabla ya kupanda ndege.

Kwa wanaotembea, kasi ya shata, yaani kilango kinachopitisha mwanga ndani ya kamera, ya 1/250 ya sekunde hutosha kuwatuliza kwenye picha, na waendesha baiskeli 1/500. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyeacha negativu zaidi ya 100,000, alitumia sana Rolleiflex, kamera inayotazamwa kutoka juu ikiwa usawa wa kifua. Uso wa mpigapicha hubaki wazi. Skrini ya kamera inayokunjuka hukupa nafasi hiyohiyo, nami naipenda zaidi kuliko kujificha nyuma ya kamera.

Asubuhi na jioni ziachie asili. Jua likiwa chini, mwanga hupita kwenye hewa nene zaidi. Buluu hutawanywa njiani na wekundu hubaki, huku vivuli virefu vikionyesha mabonde na matuta yaliyokuwa yamelala mchana. Jihadhari na ramani: karibu na ikweta jua huzama wima, na mwanga wa dhahabu unaodumu saa nzima Skandinavia wakati wa kiangazi hapo hudumu muda mfupi zaidi. Uwe umeshafika na umeshachagua fremu. Majani yapige jua likiwa nyuma yake, yawake. Msitu mnene wenyewe usiuguse kukiwa na jua kali, ungoje mawingu, na kichujio cha polaraiza kiondoe mng'ao kwenye majani yaliyolowa.

Baada ya machweo, anga linapokuwa la buluu nzito na taa zimewaka, rudi mjini. Egemea ukuta, bana viwiko, au weka simu juu ya uzio na utumie kipima muda ili kidole kisiitikise. Kamera ikifungua shata kwa sekunde kadhaa, wanaotembea hugeuka moshi au hupotea kabisa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1838 Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga Boulevard du Temple, Paris: barabara yenye shughuli ilitoka tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Ukitaka mtu abaki kwenye picha yako ya usiku, mtafute aliyetulia: anayesoma simu, anayengoja kuvuka, au wawili waliosimama wakibishana njia ya kurudi hotelini.