Je, wajua kwa nini dawa ya kunukisha nyumba yamdhuru paka na wewe hupati kitu?

Mombasa sisi ni watu wa manukato, hilo halina ubishi, ukipita Kibokoni Alhamisi jioni kila dirisha latoka udi na ubani, kitandani kuna asumini, mlangoni mtu anukia halwaridi. Na chini ya madirisha hayohayo paka wamelala barazani kama wao ndio wenye nyumba. Wameishi hivyo na wazee wetu miaka na miaka. Sasa mbona siku hizi wasikia paka wa fulani ametokwa na mate, anayumba, hali, na ukiuliza waambiwa hakuna alichokula, nyumba ilipigwa deki tu na dawa kali ama kuliwekwa kile kimashine cha umeme cha kupuliza mvuke wa mafuta?

Jibu liko kwenye ini lake.

Kila siku miili yetu yaingia vitu ambavyo haivitaki, vingine twavila, vingine twavuta na hewa, vingine vyapita kwenye ngozi. Ini ndilo lenye kazi ya kuvitoa, na njia yake moja kubwa ni kukibandika kile kitu kipande cha asidi inayotokana na sukari, iitwayo asidi ya glukuroniki, kikishabandikwa ndio chaweza kuyeyuka kwenye maji na kutoka na mkojo. Ni kama kontena pale Kilindini, bila muhuri halitoki getini hata likae mwezi. Anayegonga huo muhuri ni kimeng'enya, viko vya aina nyingi, na kile kinachoshughulika sana na kemikali za jamii ya fenoli chaitwa UGT1A6. Paka hana hicho. Yaani jeni yake anayo lakini imeharibika, haifanyi kazi, watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 2000. Alafu mwaka 2011 ikachapishwa kwamba si paka wa nyumbani peke yake, ni ukoo wao mzima, hata simba wa Tsavo yuko hivyohivyo.

Kwa nini? Manake fenoli nyingi zatoka kwenye mimea, mimea huzitengeneza ijilinde isiliwe, kwa hiyo mnyama anayekula majani lazima awe na njia ya kuzitoa. Paka ukoo wake ni wa nyama tupu tangu mamilioni ya miaka, kile kimeng'enya kikaharibika na hakuna aliyekihitaji. Sasa leo tunamchukua huyo mla nyama twamfungia kwenye chumba chenye mafuta ya karafuu. Na karafuu ukali wake wote ni eujenoli, ambayo ni fenoli. Zile punje chache za kwenye pilau si neno, tatizo ni mafuta yaliyokamuliwa, tone moja lina nguvu ya punje nyingi sana.

Hapohapo niseme hili kwa sababu lauwa paka wengi: panadoli. Njia ni ileile. Tembe moja ya miligramu 500 yaweza kumuua paka mzima. Usimpe hata robo, hata akiwa na homa, hata jirani akikwambia yeye humpa.

Turudi kwenye nyumba. Dawa ambazo mwenye paka aziogope ni zile za kahawia za kuua vijidudu, zenye fenoli, ambazo ukizitia majini yageuka meupe maziwa, na zile zenye harufu ya msonobari. Sisi wanaadamu twazikanyaga sakafuni na viatu, basi. Paka atembea peku juu ya sakafu haijakauka, alafu aketi ajilambe miguu yote minne, na paka hujilamba saa nyingi za siku, kwa hiyo ile dawa yote aila. Vilevile kile kimashine cha mvuke, matone yake madogo yashuka kwenye manyoya yake na yaingia kwa ulimi. Mafuta ya mkalitusi na ya mti chai nayo ni hatari kwake, usiyaweke kabisa kama paka yuko ndani.

Najua wengi wanaotumia dawa kali hawafanyi kwa uzembe, wafanya kwa ajili ya swala. Mtume (SAW) ametufundisha paka mwenyewe si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani, lakini mkojo wake ni mambo mengine, ukiupata kwenye mkeka wa kuswalia moyo hautulii mpaka umwage chupa nzima. Lakini tohara ni maji, si fenoli. Na hata kwa harufu peke yake dawa kali haisaidii ile unavyodhani. Mkojo wa paka una urea, bakteria huivunja ikawa amonia, ndio ule ukali unaochoma pua, tena paka ana kitu chake mwenyewe kiitwacho felinini ambacho kikivunjika chatoa harufu ya salfa, na dume asiyehasiwa anayo nyingi zaidi. Masika hewa ikiwa nzito na unyevu ndio kabisa, wadhani umeosha kumbe mvua ikinyesha harufu yafufuka. Ukimwaga dawa juu waifunika tu, na yeye paka pua yake kali kuliko yako bado aisikia, arudi kukojoa palepale.

Fanya hivi: nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke kitu, mimina maji safi, nyonya tena, alafu siki nyeupe uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, iache robo saa, suuza. Ikikauka nyunyiza beking soda, ilaze usiku, asubuhi fagia na mkeka utoe juani. Jua letu la Mombasa lafanya kazi ambayo hakuna chupa itafanya. Jiki usiimwage juu ya mkojo kabisa, klorini ikikutana na amonia yatoa gesi mbaya kwa mapafu yako wewe na yake, na usichanganye jiki na siki pia. Dume mhasi, wengi huacha kupigapiga mkojo ukutani. Mchanga wake utoe uchafu kila siku.

Udi je? Sikwambii uache, nisingethubutu. Ila moshi ni moshi, vumbi lake laingia mapafuni, na paka mwenye pumu humbana kifua. Mtoe kwanza, fukiza ukiwa umefungua dirisha moja (makaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari hata kwako), moshi ukishatoka ndio arudi. Asumini, waridi na rehani havina shida, kikuba chako kiweke tu. Kinachonitia wasiwasi ni yale maua makubwa ya lili kwenye bukei za harusi, hayo paka akiramba hata unga wake figo zaweza kufa ndani ya siku chache. Na zile tembe nyeupe za naftalini za kabatini zaharibu chembe nyekundu za damu yake, zitoe.

Mwenye ndege aongeze uangalifu mara mbili. Ndege hewa yapita mapafuni mwake mfululizo, ana na vifuko vya hewa mwilini, kwa hiyo sumu humfikia haraka kuliko mtu, ndio maana wachimba makaa Uingereza walishuka chini na ndege mpaka 1986, ndege akianguka wao watoka. Kizimba chake kisikae karibu na chetezo wala jikoni, kikaango kile kisichoshika chakula kikiachwa motoni kitupu mpaka kipate moto kupita kiasi chatoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache na wewe labda hata husikii harufu.

Na ukimwona paka atokwa na mate, atetemeka, atembea mlevi ama apumua mdomo wazi, mtoe kwenye hewa safi, kama ana mafuta ama dawa manyoyani muoshe na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, usimlazimishe kutapika, mpeleke kwa daktari wa wanyama palepale na chupa ya hiyo dawa mkononi ili daktari asome kilichoandikwa.