Lema: umbo la kamusi katika kutafuta maneno ya Kiyunani na Kiebrania

Lema ni umbo moja la neno linaloteuliwa kuwakilisha maumbo yake yote, yaani lile ambalo mtu angelifungulia kamusi. Msomaji wa Kiswahili hulifanya jambo hili bila kulipa jina, kwani akikutana na "wakasomewa" haendi kwenye herufi W, bali huvua viambishi hadi afike kwenye "soma". Katika programu za kujifunza Biblia zenye matini ya lugha za asili, kazi hiyo huwa imekwisha kufanywa neno kwa neno, hivi kwamba anayetafuta λόγος ("neno") kwa lema huletewa pia λόγου, λόγῳ na λόγους, ilhali anayetafuta kwa umbo hupata lile aliloliandika tu.

Katika Kiebrania faida yake ni kubwa zaidi. Pale Mwanzo 1:3 inaposema "akasema", Kiebrania kina וַיֹּאמֶר, neno ambalo, kama "akasema" lenyewe, limebeba mtendaji na alama ya masimulizi mwanzoni mwake. Lema yake ni אָמַר, kwa kuwa kamusi za Kiebrania huorodhesha kitenzi katika nafsi ya tatu umoja ya kiume, hali timilifu. Za Kiyunani hutumia nafsi ya kwanza, kama λέγω, "nasema".

Kuandika neno lenyewe nako kuna mitego, kwa sababu kompyuta hailinganishi sura ya herufi bali namba iliyopewa herufi hiyo. Kabla ya kuenea kwa Yunikodi, yaani mpango wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, fonti nyingi za Kiyunani zilikuwa herufi za Kilatini zilizovikwa sura nyingine, na matini ikihamishiwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, λόγος liliweza kuonekana kama "lo&goj". Yunikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliondoa vurugu hiyo, ila alfa yenye mkazo bado ina namba mbili, 03AC na 1F71, ambazo kwa kawaida jicho haliwezi kuzitofautisha. Programu nzuri husawazisha namba hizo kimyakimya, na nyingi hukubali neno lisilo na alama za mkazo wala nukta za irabu. Mimi huziacha kabisa.

Hata hivyo lema ni uamuzi wa mhariri. Katika Yohana 3:3, "akamwambia" ni εἶπεν na "nakuambia" ni λέγω. Orodha ya Strong ya mwaka 1890, inayoyapa namba maneno ya lugha za asili za Biblia, inayapa maneno hayo namba mbili, 2036 na 3004, lakini ziko hazina za data za leo zinazoyaweka yote chini ya λέγω. Mtafutaji wa λέγω kwa lema atahesabiwa neno moja katika mstari huo kwa mpango wa kwanza, na mawili kwa mpango wa pili.