Je, wajua kwa nini saa ya thelathini ya singo maza Uingereza hailipi kama saa ya kwanza?

Waswahili walioko Uingereza wana jina moja la kazi za usafi, za bohari na za kuhudumia wazee: kubeba boksi. Akina mama wanaobeba boksi huku wakilea watoto peke yao wanaulizana swali hili kila siku: nikitoka kwenye saa 16 kwa wiki nikaingia saa 37, nitabaki na hela zaidi? Ndiyo, utabaki nazo. Lakini ukishika kalamu ukapiga hesabu, utacheka kwanza, halafu utanyamaza.

Kuanzia mwaka 2013 serikali ya kule ilianza kukusanya misaada yake mingi kwenye malipo mamoja ya kila mwezi, Universal Credit. Si ya wasio na kazi peke yao. Hata mwenye mshahara mdogo huyapata, ila yanapungua kadiri mshahara unavyopanda: kila paundi inayoingia mfukoni kutoka kazini inaondoa peni 55 za msaada. Na hapo pamelegezwa. Mwanzoni zilikuwa peni 65, mwaka 2017 zikawa 63, na hizi 55 zimekuja mwishoni mwa 2021.

Kabla ya makato kuanza, mzazi mwenye mtoto huachiwa sehemu ya mshahara isiyoguswa. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, aliyesaidiwa pango la nyumba aliachiwa paundi 411 za kwanza kwa mwezi. Asiyesaidiwa pango aliachiwa 684.

Sasa tuchukue mama wa mfano, tumwite Mama Zuhura. Anaishi Leicester, ana mtoto mmoja wa miaka mitatu, amepanga, na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Tuzifuate saa zake za wiki moja.

Saa saba na kitu za mwanzo ni zake zote. Akifanya moja analipwa 12.21 na anabaki na 12.21. Baada ya hapo peni 55 zinaanza kuondoka katika kila paundi, kwa hiyo saa ileile, ya kumgeuza mzee yuleyule kitandani, inamwachia paundi 5.49. Akikaribia saa ya 20 anavuka kiwango cha kodi, paundi 12,570 kwa mwaka. Hapo kodi ya mapato inachukua asilimia 20 na mchango wa Bima ya Taifa asilimia 8, halafu Universal Credit inakuja kukata 55 kwenye kinachobaki. Katika kila paundi anabakiwa na peni 32 hivi. Kwa saa nzima ni paundi 3.96.

Ukijumlisha kwa mwezi, saa 16 kwa wiki zinamletea mshahara wa paundi 846, msaada unapungua kwa 239, na faida halisi ya kwenda kazini ni paundi 607. Saa 37 zinaleta mshahara wa paundi 1,957. Kodi na bima zikitoka, na msaada ukipungua kwa 710, faida inakuwa 992. Mshahara umezidi mara mbili, ila mfukoni zimeongezeka paundi 385 tu. Kwa mwezi ameongeza saa 91, na ukigawanya, kila moja imemlipa paundi 4.23.

Na hapo mtoto bado hajapata wa kukaa naye.

Universal Credit hurudisha hadi asilimia 85 ya ada ya chekechea au ya mlezi aliyesajiliwa, kwa kikomo ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Tuseme saa zote 91 za nyongeza zinahitaji mlezi wa paundi 7 kwa saa: ada ni 637, na sehemu ya mama ni paundi 96 hivi. Faida ya saa hizo inashuka hadi 289 kwa mwezi, paundi tatu na ushee kwa saa. Kwa bahati England sasa inatoa saa 30 za bure kwa wiki kwa watoto wa wazazi wanaofanya kazi, kuanzia umri wa miezi tisa, lakini kwa wiki 38 za mwaka. Nyumba ya wazee haifungwi likizo.

Utaona kwamba wengi wanapenda kukaa kwenye saa 16 kamili. Si uvivu, jamani, kama wanavyosemwa. Namba hiyo ni ya siku nyingi: chini ya misaada ya zamani iliyofutwa kabisa Aprili 2025, mzazi anayelea peke yake alianza kuhesabiwa kama mfanyakazi akifikisha saa 16. Hata leo, kuzipata saa 30 za bure za mtoto kunataka kipato cha angalau saa 16 kwa kima cha chini, na kikomo cha jumla ya misaada kwa familia kinaondoka mama akifikisha mshahara wa saa zilezile 16, yaani paundi 846 kwa mwezi kwa viwango vya Aprili 2025. Milango yote miwili inafunguka hapo. Mbele yake kuna makato. Mtu mwenye akili zake angesimama wapi? Ila serikali nayo haimwachi asimame: tangu Oktoba 2023, mlezi mkuu wa mtoto wa miaka 3 hadi 12 anaweza kutakiwa afanye kazi, au aitafute, hadi saa 30 kwa wiki.

Hesabu hii haimhusu kila mtu. Aliyeingia kwa viza isiyoruhusu misaada ya umma hapati Universal Credit, kwa hiyo hakatwi hizo peni 55. Anabaki na zaidi katika kila saa, lakini ada ya mtoto harudishiwi na Universal Credit.

Kuna pia hesabu ya miaka. Uchunguzi wa mwaka 2018 wa Institute for Fiscal Studies, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Uingereza, ulionyesha kuwa mshahara wa anayefanya saa chache haupandi kwa uzoefu kama wa anayefanya saa zote, na kwamba pengo hilo linawauma zaidi wanawake wenye elimu ya juu. Kwa muuguzi mwenye shahada, naona zile paundi nne za leo zinaweza kuwa mbegu ya cheo. Kwa mfagiaji, ambaye mwaka wa kumi analipwa kima cha chini kama mwaka wa kwanza, nisingethubutu kumwambia hivyo.

Turudi Leicester. Mama Zuhura amejipangia saa 24 kwa wiki, katikati ya hapa na pale. Ijumaa jioni simu inalia, ni ujumbe wa msimamizi: mwenzako anaumwa, unaweza kuja kesho kwa zamu ya muda wa saa nane? Kwa karatasi ni paundi 97.68. Baada ya makato yote ni 31.65. Jumamosi chekechea imefungwa, na jirani anayekubali kukaa na mtoto anataka 30, fedha ambazo hazirudishwi kwa sababu jirani hajasajiliwa popote. Inabaki paundi 1.65, na nauli ya basi hajalipa.