Mnunuzi wa vifaa vya seti: yanayosemwa na yalivyo kweli

Tamthilia ikianza, macho ya mtazamaji humfuata mwigizaji. Nyuma yake kuna kochi, pazia, kalenda ukutani, na kikombe kilichomeguka ukingoni. Hakuna hata kimoja kilichojileta. Kila kitu kilitafutwa, kikapimwa, kikakodiwa au kununuliwa, kikasafirishwa na kuwekwa mahali pake kabla kamera haijawashwa. Anayebeba mzigo huo ni mnunuzi wa vifaa vya seti, na kazi yake inaeleweka vibaya hata na watu walio ndani ya tasnia. Jambo hili linanikera, maana lina madhara: vijana wenye jicho zuri wanaikwepa wakidhani ni kazi ya kutumwa dukani, na watayarishaji wanaitengea siku chache mno.

"Ni kuzunguka madukani na pesa za wengine"

Kazi haianzii dukani, inaanzia kwenye skripti. Mnunuzi huisoma sini baada ya sini na kuorodhesha kila kilichotajwa, kisha anarudi kutafuta ambavyo havikutajwa. Chukua mstari mmoja: "Mjane anafungua barua mezani." Mwandishi amemaliza. Mnunuzi ndiyo kwanza anaanza. Amefiwa lini? Meza ni ile ya siku za neema au ameshaiuza na sasa anakula kwenye stuli? Kiti cha marehemu bado kipo? Bahasha imeandikwa kwa mkono au imepigwa muhuri wa ofisi? Na je, mjane ataichana? Kama ataichana, kila marudio ya sini yanahitaji bahasha nzima, yenye mwandiko uleule na mkunjo uleule. Barua 1 kwenye skripti inaweza kuwa 12 kwenye sanduku.

Majibu hayatoki kichwani mwake peke yake. Mbunifu wa mandhari ndiye mwenye picha kubwa ya rangi na zama. Mpambaji wa seti anaamua chumba kikaeje. Msimamizi wa vifaa vya kuigizia anashughulikia vile ambavyo mwigizaji atavishika. Mgawanyo wenyewe hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kwenye kazi ndogo mtu mmoja hubeba yote. Lakini mnunuzi ndiye anayegeuza mawazo yao kuwa kitu chenye vipimo, bei na tarehe ya kufika. Kochi zuri lisilopita mlangoni ni hasara. Kochi zuri linalofika siku moja baada ya sini kupigwa ni hasara zaidi.

"Kila kitu hununuliwa"

Jina la kazi linapotosha. Sehemu kubwa ya vifaa hukodiwa, vingine huazimwa, vingine hutengenezwa na mafundi wa idara ya sanaa. Kampuni zinazokodisha vifaa kwa kawaida hutoza kwa wiki, na hapo ndipo hesabu inapohitaji akili: taa ya bei nafuu ikikaa kwenye seti miezi mitatu, kodi yake inaweza kupita bei ya kuinunua. Kinyume chake, kabati la kale la sini moja ni upuuzi kulinunua. Kitakachovunjwa, kulowa au kuungua, nunua, na nunua zaidi ya kimoja. Na usiharakishe kurudisha: mpaka mhariri na mwongozaji wathibitishe kwamba sini hairudiwi, kifaa muhimu hakitoki ghalani.

Kila kilichokodiwa hupigwa picha kikipokelewa, pande zote, pamoja na mikwaruzo iliyokuja nayo. Bila picha hizo, mkwaruzo wa zamani utalipiwa na bajeti yako.

"Kikipendeza machoni, kitapendeza kwenye kamera"

Hapa ndipo ujuzi wa kweli ulipo, na ndipo mgeni wa kazi hii hushangaa zaidi. Nyeupe tupu huwaka kwenye picha na kuwafifisha waigizaji, hasa wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mashuka na mapazia meupe mara nyingi huchovywa kwenye chai au rangi hafifu yapoe. Mistari myembamba iliyobanana hutetemeka kwenye skrini. Kioo cha fremu ya picha humulika taa za mpiga picha, kwa hiyo hutolewa, au fremu huinamishwa kidogo, au kioo hupuliziwa dawa ya kuua mng'aro.

Kisha kuna masikio. Mfuko wa karatasi ambao mwigizaji anaubeba huku akizungumza unaweza kuharibu mazungumzo yote, hivyo hunyunyiziwa maji kidogo ulainike. Barafu kwenye glasi hugonga na kuyeyuka, basi huwekwa vipande vya plastiki au silikoni. Kiti kinacholia mtu akijisogeza hakifai hata kama ni cha zama sahihi kabisa. Saa ya ukutani husimamishwa, kwa sababu ya mlio wake na pia kwa sababu ya mwendelezo: sini ya dakika 2 inaweza kupigwa kwa saa 6, na mishale ikiachwa iende, mhariri atapata mazungumzo yanayoruka kutoka asubuhi hadi alasiri. Mnunuzi mzuri hukikalia kiti dukani, hukisogeza, hukigonga na kukisikiliza.

Usalama nao haumsubiri mtu mwingine. Taa ya kale haichomekwi kwenye umeme mpaka fundi aikague nyaya zake, na vitambaa vinavyoning'inia karibu na taa za studio huhitaji dawa ya kuzuia moto.

"Hadithi ya 1965? Tafuta vitu vya 1965"

Angalia nyumba yoyote unayoijua. Ina sufuria ya bibi, redio ya miaka ishirini iliyopita, na labda kitu kimoja kipya kabisa kilichonunuliwa kwa kujibana. Chumba chenye vitu vya mwaka mmoja tu hunuka duka la maonyesho. Kwa hadithi ya 1965 mnunuzi hukusanya zaidi vya miaka ya 1940 na 1950, anaongeza vichache vya mwaka wenyewe, na anachunga jambo moja bila huruma: kisipite kitu chochote kilichotengenezwa baadaye. Swichi, soketi, skrubu ya kichwa kisichokuwepo enzi hizo, lebo ya chupa. Vidogo ndivyo vinavyoumbua.

"Nimelinunua bango, nina haki ya kulitundika"

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Kununua nakala ya kazi ya sanaa hakukupi haki ya kuionyesha kwenye televisheni. Marekani kuna kesi inayopaswa kujulikana na kila aliye katika idara ya sanaa. Msanii Faith Ringgold aliona kwenye kipindi cha vichekesho bango la kazi yake, Church Picnic Story Quilt, likipamba seti ya ukumbi wa kanisa bila idhini yake. Lilionekana mara 9, kwa jumla ya sekunde 26.75 tu. Mahakama ya chini iliwapa ushindi waliotengeneza na kurusha kipindi, lakini mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo na kuirudisha kesi, ikizingatia kwamba bango lilitumika kwa kazi ileile ambayo mapambo hufanya: kupamba. Sekunde 26.75!

Ndiyo maana mnunuzi huomba idhini kwa maandishi mapema, au hukodi michoro ambayo tayari ina kibali, au huagiza ichorwe mipya. Hata picha za familia juu ya kabati haziokotwi: waigizaji hupigwa picha maalumu kabla ya siku ya kurekodi.

"Kampuni hulipa, weka bidhaa zao popote"

Uingereza iliruhusu malipo ya kuweka bidhaa kwenye vipindi kuanzia Februari 2011 tu, tena kwa masharti: alama ya herufi P ionyeshwe kwa mtazamaji, na tumbaku, pombe na kamari zikatazwe. Kwingineko sheria ni nyingine, lakini pesa za namna hiyo huzungumzwa na watayarishaji, si mnunuzi akiwa kaunta. Sehemu kubwa ya kazi yake na chapa ni kinyume: kuzificha, kugeuza kopo, kubandika lebo ya kubuni. Dawa ya kikohozi iliyomdhuru mhusika kwenye hadithi haiwezi kuwa na jina la kampuni iliyo hai.

Mengine mawili kwa haraka. Namba ya simu kwenye kibandiko haibuniwi ovyo, maana huenda ina mwenyewe. Amerika Kaskazini hutumia 555-0100 hadi 555-0199, na Uingereza mdhibiti wa mawasiliano ametenga namba zake za tamthilia. Nazo noti bandia zina sheria: Marekani, nakala ya rangi ya dola lazima iwe ndogo kuliko robo tatu ya noti halisi au kubwa kuliko mara moja na nusu, na ichapwe upande mmoja tu.

"Bila shahada ya sanaa huingii"

Wengi wameingia kutoka useremala, ushonaji wa mapazia, maghala ya michezo ya jukwaani, hata udereva wa gari la idara. Nafasi ya kuanzia ni usaidizi: kubeba, kurudisha vitu, kupanga risiti, na kila risiti iandikwe ni ya seti gani kabla siku haijaisha, maana mhasibu hatakubali kukisia. Anayetaka kuanza leo achukue skripti ya filamu fupi ya wanafunzi, aichambue sini kwa sini, aandike orodha yenye idadi, chanzo na bei, kisha aipige picha seti ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Mwajiri atataka kuona picha hizo, na akiwa mwajiri makini ataomba na orodha.