Kibao cha Langoni na Kifungu cha 27: Je, Mfanyabiashara Anaweza Kumkataa Mteja kwa Sababu ya Mavazi?

Karibu kila hoteli, mkahawa mkubwa na kilabu cha usiku hapa Kenya kina kibao langoni kinachotangaza kwamba usimamizi una haki ya kuamua nani aingie na nani asiingie. Wateja wengi hukisoma kibao hicho kana kwamba ni sheria iliyotungwa na Bunge, na wenye biashara wengi ninaowashauri wanaamini hivyo hivyo. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu inahusu haki za kikatiba, kwa hiyo swali hili hunifikia kutoka pande zote mbili: leo anakuja mteja aliyerudishwa langoni, kesho anakuja meneja anayetaka nimwandikie masharti ya mavazi yasiyomfikisha mahakamani. Jibu langu kwa wote wawili ni moja. Haki ya mwenye biashara ipo, lakini ni finyu kuliko anavyodhani, na kuhusu mavazi hasa, Katiba yetu imeweka kanuni ambayo nchi nyingi hazina.

Haki hiyo inatokana na umiliki wa mali na uhuru wa kufanya mkataba. Anayefungua duka anawakaribisha watu waingie, na kisheria ukaribisho huo ni kibali ambacho anaweza kukiondoa. Mteja akiambiwa atoke na akakataa, anaweza kuhesabiwa kuwa amevamia mali ya mwenzake. Kanuni hii tuliirithi kutoka sheria ya kimila ya Kiingereza (common law, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji), ambayo Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaitambua kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ya Kiingereza haikumpa kila mfanyabiashara uhuru huo. Mwenye nyumba ya wageni alibanwa tangu zamani na wajibu wa kumpokea kila msafiri aliye tayari kulipa, isipokuwa awe na sababu ya maana ya kumkataa. Ndiyo maana mwaka 1944 mahakama ya London ilimpa ushindi Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, dhidi ya hoteli iliyomkatalia malazi mwaka uliotangulia kwa sababu ya rangi yake. Alipewa gini 5 tu (zaidi kidogo ya pauni 5), fidia ya kuonyesha kwamba haki yake ilivunjwa. Mkahawa au baa isiyo na vyumba vya kulala haikubanwa na wajibu huo, na pengo hilo ndilo lililouacha ubaguzi uendelee katika sehemu kubwa ya maisha ya mjini.

Kenya ya kikoloni iliishi ndani ya pengo hilo. Hoteli na vilabu vya Wazungu havikuwapokea Waafrika wala Wahindi ila kama wafanyakazi, na hakuna aliyehitaji sheria ya kuwazuia; neno la mwenye mali lilitosha. Kwa hiyo si ajabu kwamba Katiba tuliyoiacha mwaka 2010 ilikuwa imelishughulikia jambo hili waziwazi. Kifungu chake cha 82 kilikataza ubaguzi katika kuingia madukani, hotelini, katika nyumba za kulala wageni, mikahawa, vilabu vya pombe na sehemu za burudani za umma. Misingi ya ubaguzi iliyotajwa humo, hata hivyo, ilikuwa michache, kama vile rangi, kabila, mahali mtu anapotoka, maoni ya kisiasa na imani, na baadaye jinsia. Mavazi hayakuwamo.

Katiba ya 2010 iliyaingiza. Kifungu cha 27(4) kinataja mbari, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au kijamii, rangi, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa, na lugha yake inaonyesha kwamba orodha hiyo haijafungwa. Kifungu kidogo cha 5 kinalipanua katazo hilo kutoka kwa serikali hadi kwa mtu yeyote, awe anabagua moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kifungu cha 20(1) kinasema kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki zetu, inamfunga kila mtu, na kifungu cha 260 kinaeleza kwamba "mtu" ni pamoja na kampuni na vyama. Ukiviunganisha vifungu hivi, kampuni inayomiliki mkahawa wa nyama choma pale barabarani imefungwa na Katiba kama ilivyofungwa wizara.

Wasomaji wangu wa Tanzania wataiona tofauti haraka. Ibara ya 13(5) ya Katiba yao inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha, na haitaji mavazi. Nchini Marekani, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi katika hoteli, mikahawa na kumbi za burudani kwa misingi ya mbari, rangi, dini na asili ya kitaifa tu. Mkahawa wa New York unaodai koti na tai hauhojiwi na sheria hiyo kwa sababu ya koti lenyewe. Hapa kwetu koti lenyewe linaweza kuwa suala la kikatiba, na naona ni vizuri iwe hivyo, kwa kuwa katika historia yetu nguo imetumiwa mara nyingi kufanya kazi ambayo rangi na kabila haviwezi tena kufanya hadharani.

Wapo wanaosema kwamba klabu ya wanachama ni nyumba ya watu na haiguswi. Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 2014 katika kesi ya wanachama wanawake wa klabu ya gofu ya Limuru, ambao kanuni za klabu ziliwanyima nafasi katika uongozi walizopewa wanaume. Mahakama iliamua kwamba walibaguliwa, na kwamba kuwa taasisi ya kibinafsi hakukuiweka klabu nje ya kifungu cha 27.

Je, hii ina maana kwamba kila sharti la mavazi ni haramu? Baadhi ya mawakili wenzangu wanasoma hivyo. Hoja yao ina nguvu: kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mpaka na sheria tu, tena sheria yenye sababu inayokubalika katika jamii ya kidemokrasia, na kibao cha langoni si sheria. Sikubaliani nao, kwa sababu mahakama zetu zimeshikilia kwamba si kila tofauti ni ubaguzi. Mara nyingi hutumia kipimo cha Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Harksen dhidi ya Lane ya mwaka 1997, kinachouliza kwanza kama kuna tofauti, kisha kama tofauti hiyo ni ubaguzi, kisha kama ubaguzi huo si wa haki. Tofauti ikiegemea msingi uliotajwa katika Katiba, anayeitetea ndiye anayebeba mzigo. Katiba ya Afrika Kusini yenyewe inakataza ubaguzi "usio wa haki", ilhali yetu haina maneno hayo. Kwa maoni yangu hilo lingetosha kuwafanya majaji wetu wawe wakali zaidi kuliko wenzao wa huko.

Kwa vitendo, namwambia meneja aniletee sababu kabla hajaniletea sharti. Bwawa la kuogelea linalodai nguo za kuogelea zisizochuja rangi lina sababu ya usafi wa maji. Karakana inayodai viatu vilivyofunika vidole ina sababu ya usalama. Benki inayomtaka mwendesha bodaboda avue helmeti mlangoni ina sababu ya kiusalama, na sababu hiyo hiyo inaweza kutimizwa kwa mwanamke aliyevaa nikabu kwa kumpeleka faragha akatambuliwe na mfanyakazi wa kike, bila kumrudisha. Lakini meneja akiniambia kwamba sababu yake ni "hadhi ya mahali", namwomba anieleze hadhi hiyo inaharibiwa na nini hasa, maana hapo ndipo ubaguzi hupenda kujificha.

Chukua sharti linaloonekana jepesi kabisa, kwamba wanaume hawaruhusiwi kuingia ukumbini na viatu vya wazi baada ya saa kumi na mbili jioni. Mzee mmoja wa Mombasa, niliyemshauri baadaye, alialikwa kwenye karamu ya arusi katika hoteli ya ufukweni. Alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, kofia ya vito na makubadhi ya ngozi. "Samahani, mzee," mlinzi akamwambia, "viatu vya wazi haviruhusiwi ukumbini." Akamjibu, "Mwanangu, viatu hivi ndivyo nilivyoolea." Mlinzi alikuwa na adabu na hakupandisha sauti, lakini hakumruhusu. Sharti lile halikutaja Mswahili, wala Mwislamu, wala mtu wa Pwani. Liliandikwa kwa watu wote. Matokeo yake, lakini, yalimwangukia mtu ambaye mavazi yake rasmi kabisa, ya arusi na ya Idi, humalizikia na makubadhi. Sharti hilo hilo lingemrudisha Mmaasai mwenye shuka na akala. Huu ndio ubaguzi usio wa moja kwa moja ambao kifungu cha 27(5) kinauzungumzia, na humo misingi miwili, utamaduni na mavazi, inakutana. Kilichoipa hoja yake uzito zaidi ni picha iliyopigwa ndani na mpwa wake saa moja baadaye, ikionyesha watalii wawili wameketi mezani na ndara za mpira.

Mavazi ya dini yana ulinzi wa ziada. Kifungu cha 32(3) kinakataza mtu kunyimwa nafasi ya kuingia katika taasisi, ajira au huduma kwa sababu ya imani yake. Kesi nyingi zimetoka shuleni, na hazijaenda kwa mstari ulionyooka. Katika kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodist, Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana ushindi mwaka 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa, bila kuamua kiini cha suala. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba mwanafunzi hakupaswa kufukuzwa kwa ajili ya rasta zake. Mwenye hoteli anayekataza vazi la kuogelea linalofunika mwili, ingawa limeshonwa kwa kitambaa kile kile cha kuogelea, hawezi tena kutumia hoja ya usafi, na kifungu cha 32 kinamsubiri.

Malalamiko mengi ninayopokea, hata hivyo, hayahusu maneno ya sharti. Yanahusu namna linavyotumika. Kilabu kinaandika "mavazi nadhifu", kisha baunsa anaamua kwa jicho. Mwanamume aliyeshuka kwenye gari kubwa anaingia na fulana, na kijana aliyeshuka kwenye matatu anarudishwa na fulana ya aina ile ile. Wanawake wawili wanaambiwa sketi ni fupi, na baada ya kuuliza wanaambiwa waje na mwanamume. Hapo sketi imekoma kuwa suala. Tumefika kwenye jinsia, na pengine hali ya ndoa. Mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Nairobi uliripotiwa kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, na baada ya wananchi kupaza sauti ulifungwa. Mashtaka yaliyofuata mahakamani yalihusu leseni. Najuta kwamba suala la ubaguzi lenyewe halikupewa nafasi yake, ingawa kesi hiyo ilionyesha kwamba kaunti, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni, ina mkono mrefu kuliko wafanyabiashara wanavyofikiri.

Mwenye biashara bado anabaki na sababu nyingi halali za kumkataa mtu. Mlevi anayezua ugomvi, anayewatukana wahudumu, asiyelipa, aliye chini ya miaka 18 akitaka kuingia baa, na mteja aliyefika wakati nafasi zimejaa, wote hao wanaweza kukataliwa bila Katiba kuguswa. Ila kukataa ni kwa maneno. Mlinzi anayemvua mwanamke nguo ili "kumfundisha adabu" anaingia katika kosa la jinai, kwani tangu mwaka 2014 kifungu cha 251A cha Kanuni ya Adhabu kinamhukumu anayemvua mtu nguo kifungo kisichopungua miaka 10.

Anayerudishwa langoni, namshauri asibishane sana na mlinzi, ambaye mara nyingi anatekeleza agizo la mtu asiyeonekana. Apige picha ya kibao, aandike saa na maneno aliyoambiwa, amtafute shahidi, na kama inawezekana apate ushahidi wa wengine walioingia na vazi la aina hiyo. Kisha aandike barua kwa usimamizi akiomba sababu kwa maandishi. Barua hiyo pekee humaliza migogoro mingi. Ikishindikana, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko. Mahakama Kuu nayo, chini ya kifungu cha 23, inaweza kutoa tamko kwamba haki imevunjwa, kuizuia biashara isiendelee na sharti hilo na kuamuru fidia. Kifungu cha 22(3) kinataka kusiwe na ada ya kufungua shauri la namna hiyo, na kinairuhusu mahakama, inapobidi, kulipokea kwa hati zisizo rasmi.