Kufanana kwa Visasili Si Ushahidi wa Kuigana

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Mwanza wanapoanza somo la visasili vya dunia, yaani hadithi za kale kuhusu miungu, mashujaa na asili ya mambo, hudhani kwamba hadithi mbili zikifanana, lazima moja iwe imenakiliwa kutoka kwa nyingine, na kwa kawaida ile ya Wagiriki ndiyo hupewa heshima ya kuwa chanzo, heshima ambayo haikuombwa wala kuthibitishwa.

Wasukuma husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa amejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliliua zimwi hilo na kulipasua, watu wakatoka wakiwa hai. Kwa Wagiriki, Kronos, mungu mtawala, aliwameza watoto wake mwenyewe kwa kuogopa kupinduliwa, kisha akalazimishwa kuwatapika. Kumeza kupo pande zote mbili, lakini hofu ya mtawala juu ya warithi wake ni jambo jingine kabisa na jamii nzima kuokolewa na mtoto aliyezaliwa baada ya maangamizi. Anayestahili zaidi kulinganishwa na Shing'weng'we ni Kholumolumo, zimwi la Wasotho wa kusini mwa Afrika, ambaye naye alimwacha mama mmoja tu, na hapo undugu wa lugha za Kibantu unatoa sababu ya kuuliza kuhusu asili moja.

Kuazimana kwa visasili kupo, ila hadithi mbili kuwa na gharika peke yake hakutoshi kuthibitisha hilo. Gharika ya Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, na ile ya Nuhu huhusishwa kwa sababu zote mbili zilitoka Mashariki ya Kati, tena zina jambo dogo mahususi, yaani ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu, wakiwamo njiwa na kunguru.